Kumtafutia Msomaji Makala: Mwongozo Kamili kwa Wafanyakazi wa Maktaba ya Chuo

Kuna kazi moja inayoendelea kuwashinda wafanyakazi wengi wa maktaba za vyuo, wageni kwa wazoefu. Mwanafunzi anakuja na mada, mkutubi anaiandika kama ilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia, na majibu yanakuwa laki kadhaa au hayapo kabisa. Mwanafunzi anachukua makala tatu za juu zisizomhusu, na baada ya siku chache anarudi na shida ile ile.

Karibu kila mara kosa linakuwa limeshatokea kabla ya kugusa kibodi. Mwongozo huu unaifuata kazi yote, tangu msomaji anapoeleza haja yake hadi anapokabidhiwa makala, kisha unaonyesha jinsi ya kuendelea kuimudu pale mifumo inapobadilishwa, maana siku hizi inabadilishwa mara kwa mara. Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo: mwanafunzi anayetaka makala kuhusu usingizi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kompyuta na kivinjari vilivyosasishwa. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa mashine za kaunta bado zinatumia mfumo huo, wasiliana na kitengo cha TEHAMA kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mashine isiyosasishwa ni hatari kwa nywila za wasomaji wote wanaoitumia.

Orodha ya hifadhidata mnazoweza kufungua, za kulipia na za bure. Kwa kila moja andika inahusu fani gani na makala zake zinaanzia na kuishia mwaka gani.

Akaunti yako binafsi ndani ya kila hifadhidata. Hii ni tofauti na njia ya kuingilia ya chuo. Bila akaunti hii huwezi kuhifadhi utafutaji wala kupokea arifa.

Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, pamoja na kiendelezi cha kivinjari kiitwacho Unpaywall, kinachoonyesha kama makala iliyofungwa ina nakala halali ya bure mahali pengine.

Daftari la utafutaji. Faili la Excel linatosha. Weka safu za tarehe, swali la msomaji, hifadhidata, mstari wa utafutaji ulivyoandikwa herufi kwa herufi, idadi ya majibu na maoni. Wengi huliruka hili kwa sababu linaonekana kama kazi ya ziada. Naomba usiliruke. Hatua ya mwisho ya mwongozo huu inalitegemea.

## Hatua ya 1: Mhoji msomaji mpaka swali lipate mipaka

Mada anayoitaja mwanafunzi mara ya kwanza huwa pana kuliko anachokitaka. Anaogopa kukuchosha, au anadhani maktaba hupangwa kwa mada kubwa kubwa. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

— Samahani mama, naomba makala za usingizi.

— Usingizi wa nani, mwanangu?

— Wa wanafunzi wa chuo.

— Unataka kujua nini kuhusu usingizi wao?

— Kama kulala kidogo kunashusha matokeo ya mitihani.

Maswali mawili tu, na mada imegeuka swali linalotafutika. Ongeza mengine machache: anaandika kazi ya darasa au tasnifu? Anataka makala za tangu mwaka gani? Anasoma lugha zipi? Je, ameshapata makala yoyote aliyoipenda? Hilo la mwisho lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, na tutalirudia kwenye hatua ya 8.

Utajua umefaulu ukiweza kuliandika swali kwa sentensi moja na msomaji akakubali kwamba ndilo lake.

Tahadhari: Usianze kuandika kwenye kompyuta wakati anazungumza. Atanyamaza kusubiri majibu, na utabaki na nusu ya swali.

## Hatua ya 2: Gawanya swali katika dhana, kisha tafuta visawe

Chukua karatasi, chora safu tatu. Swali letu lina dhana tatu: usingizi, matokeo ya masomo, wanafunzi wa chuo.

Maneno kama "athari", "uhusiano", "mchango" na "umuhimu" yaache nje. Mtafiti aliyegundua kwamba wanaolala saa chache hufeli zaidi anaweza kuandika ikisiri nzima bila kutumia neno "athari" hata mara moja. Ukiliweka, umeifukuza makala yake.

Sasa jaza kila safu kwa maneno ambayo waandishi wenyewe hutumia. Hifadhidata nyingi za kitaaluma zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo safu zetu zitakuwa hivi:

- Dhana ya kwanza: sleep, insomnia
- Dhana ya pili: "academic performance", "academic achievement", grades, GPA (wastani wa alama)
- Dhana ya tatu: "college students", "university students", undergraduates

Angalia kwamba sijaandika "sleep deprivation" wala "sleep quality". Neno sleep peke yake limeshayabeba yote mawili, na kuyaongeza kunarefusha mstari bila kuongeza hata makala moja. Mbinu hii ndogo huokoa nafasi kwenye mifumo yenye kikomo cha herufi. Google Scholar, yaani Google ya makala za kitaaluma, kwa mfano, hupokea herufi 256 tu.

### Unapotafuta matini za Kiswahili

Hapa inabidi nikawie kidogo, kwa sababu mbinu tunazofundishwa zilibuniwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kwa Kiingereza unaandika student* na mfumo unakuletea umoja na wingi. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mwanafunzi, wanafunzi, kijiji, vijiji, jino, meno. Kinyota cha mwishoni hakiwezi kukusaidia, na mifumo mingi haikubali kinyota mwanzoni mwa neno.

Dawa yake ni kuandika maumbo yote na kuyaunganisha kwa OR, yaani "au":

mwanafunzi OR wanafunzi OR mwanachuo OR wanachuo

ugonjwa OR magonjwa OR maradhi

kufundisha OR ufundishaji OR mafunzo

Fanya hivyo pia kwa istilahi ambazo bado hazijatulia. Anayetafuta kuhusu teknolojia mpya aandike "akili mnemba" OR "akili unde" OR "akili bandia", la sivyo atakosa sehemu kubwa ya kilichoandikwa. Aliyeandika kuhusu kanzidata hataonekana kwa aliyetafuta hifadhidata.

Kuna na suala la ile alama ya juu kwenye maneno kama ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Katalogi moja inaweza kuwa na alama iliyonyooka kwenye rekodi hii na iliyopinda kwenye rekodi ile, kutegemea nani aliingiza data. Ukikosa kitabu unachojua kipo, jaribu alama zote mbili, kisha jaribu neno jingine la kwenye jina la kitabu hicho.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kutafuta

Kuanzia Google kwa kila swali ni mazoea tu. PubMed, ambayo ni ya bure, ina rekodi zaidi ya milioni 35 za tiba na sayansi za afya, na swali letu la usingizi linaingia humo vizuri. Kwa upande wa elimu kuna ERIC. Kwa majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bure, ya fani zote kuna DOAJ.

JSTOR ina hazina kubwa ya majarida ya fani za jamii na sanaa, lakini majarida yake mengi yana ukuta wa muda: matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni huwa hayamo. Msomaji anayetaka utafiti wa mwaka jana akipelekwa JSTOR atarudi mikono mitupu na kudhani hakuna kilichoandikwa. Hii ndiyo sababu ya ile safu ya miaka kwenye orodha yako.

Google ya kawaida ina nafasi yake pia, hasa kwa ripoti, sera, miongozo na takwimu ambazo hazimo kwenye majarida. Itumie kwa amri zake:

- site: hufunga utafutaji ndani ya tovuti moja. Andika site:who.int kupata nyaraka za Shirika la Afya Duniani pekee.
- filetype:pdf huleta faili za PDF, ambazo mara nyingi ndizo ripoti zenyewe.
- intitle: hutaka neno liwe kwenye kichwa cha ukurasa.
- before: na after: huweka mipaka ya mwaka, kwa mfano after:2020.
- Alama ya kutoa ikibanwa na neno huliondoa neno hilo.

Usiache nafasi baada ya nukta mbili, maana amri haitafanya kazi. Zingatia pia kwamba baadhi ya amri zilizofundishwa zamani zimekufa. Amri ya cache:, iliyokuwa ikifungua nakala ya ukurasa uliotoweka, iliondolewa na Google mwaka 2024. Badala yake nakili anwani ya ukurasa huo uipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive.

## Hatua ya 4: Unganisha maneno kwa mpangilio sahihi

Kanuni ni fupi. Visawe ndani ya safu moja huunganishwa kwa OR, kwa sababu lolote kati yao linatosha. Safu na safu huunganishwa kwa AND, kwa sababu dhana zote tatu lazima ziwepo. Andika viunganishi hivi kwa herufi kubwa. Baadhi ya mifumo haijali, lakini Google haitambui or ya herufi ndogo kuwa amri.

Tatizo kubwa ni mpangilio. Chukua mstari huu:

wanafunzi OR wanachuo AND usingizi

PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo itachukua wanafunzi au wanachuo, kisha itawachuja kwa usingizi. Mfumo mwingine hutanguliza AND: utachukua makala za wanachuo na usingizi, kisha utaongeza kila makala duniani yenye neno wanafunzi. Mstari ni ule ule, lakini majibu ni tofauti kama mbingu na ardhi.

Mabano huondoa utata huo kote:

(wanafunzi OR wanachuo) AND usingizi

Njia ninayoipendelea zaidi, hasa kwa anayeanza, ni kutafuta mstari kwa mstari. Fungua utafutaji wa kina, tafuta safu ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu:

1. sleep OR insomnia

2. "academic performance" OR "academic achievement" OR grades OR GPA

3. "college students" OR "university students" OR undergraduates

Halafu nenda kwenye historia ya utafutaji na uunganishe 1 AND 2 AND 3. Faida yake ni kwamba unaona idadi ya majibu ya kila mstari. Mstari wa pili ukileta sifuri unajua papo hapo una kosa la tahajia mahali fulani. Ukiwa umeandika yote kwenye kisanduku kimoja, ungehangaika bila kujua pa kuangalia.

Tahadhari kuhusu NOT: Itumie kwa nadra sana. Ukiandika NOT watoto, unatupa pia makala inayolinganisha wanachuo na watoto, ambayo huenda ndiyo bora kuliko zote.

## Hatua ya 5: Tumia alama, ukijua zinatofautiana

Alama za nukuu hushikilia maneno yakae pamoja kwa mfuatano huo. Mtego wake uko kwenye kunakili. Ukiandaa mstari wako kwenye Word, programu hiyo hupindisha alama za nukuu, na baadhi ya hifadhidata hazizitambui zikiwa zimepinda. Majibu yakiwa ya ajabu baada ya kubandika, zifute na uziandike upya kwa mkono.

Kinyota huwakilisha mwisho wowote wa neno. undergraduate* huleta umoja na wingi. Usikate neno mapema mno, kwani grad* huleta grades unazozitaka pamoja na gradient na gradual usizozihitaji. PubMed hutaka angalau herufi nne kabla ya kinyota, na ukikitumia, mfumo wake wa kukutafutia visawe kiotomatiki huzimika kwa neno hilo. Google Scholar haitumii kinyota kukata maneno. Yenyewe hujaribu kuleta maumbo ya karibu.

Alama za ukaribu huagiza maneno mawili yawe jirani bila kulazimisha yagusane. Ni chombo kizuri sana, na ndicho kinachowachanganya watu zaidi:

- EBSCOhost: N5 ni umbali wa hadi maneno matano kwa mpangilio wowote. W5 ni umbali huo huo, lakini kwa mpangilio ulioandika.
- Scopus: W/5 ni mpangilio wowote. PRE/5 ndiyo inayolinda mpangilio.
- ProQuest: NEAR/5 kwa mpangilio wowote, PRE/5 kwa mpangilio ulioandika.
- Web of Science: NEAR/5.
- JSTOR: maneno ndani ya nukuu yakifuatwa na alama ya wimbi na namba, mfano "sleep grades"~10.

Soma tena hizo mbili za kwanza. Herufi W ina maana moja EBSCOhost na maana nyingine Scopus. Anayenakili mstari kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine bila kuubadilisha hapati ujumbe wa kosa. Anapata majibu pungufu na hajui kama yamepungua. Chapisha orodha hii uibandike karibu na kaunta.

## Hatua ya 6: Ongeza vichwa vya mada

Hifadhidata nyingi hupewa msamiati maalumu ili makala za jambo moja zikae pamoja hata kama waandishi wametumia maneno tofauti. PubMed hutumia MeSH, na huko saratani huitwa Neoplasms. Katalogi nyingi za vyuo hutumia vichwa vya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Njia rahisi ya kuvipata ni hii: tafuta kwa maneno ya kawaida, fungua makala mbili tatu zinazofaa kabisa, kisha angalia zimewekewa vichwa gani. Vichukue uvijumlishe kwenye safu husika kwa OR.

Usitegemee vichwa peke yake. Si kila rekodi ya PubMed ina MeSH. Tena msamiati wenyewe hubadilika: MeSH husasishwa kila mwaka, na Maktaba ya Bunge ilibadilisha Cookery kuwa Cooking mwaka 2010. Katalogi ambayo rekodi zake za zamani hazikurekebishwa ina vitabu vya mapishi katika makundi mawili yasiyojuana.

## Hatua ya 7: Soma majibu, kisha rekebisha kitu kimoja kwa wakati

Idadi ya majibu peke yake haisemi mengi. Soma vichwa ishirini vya kwanza. Zaidi ya nusu vikiwa vinahusu swali, uko pazuri.

Majibu yakizidi mno, fuata mpangilio huu: funga maneno ya dhana kuu yaonekane kwenye kichwa au ikisiri; badilisha AND moja iwe alama ya ukaribu; mwisho kabisa tumia vichujio vya mwaka na lugha.

Yakiwa machache mno, angalia kwanza tahajia. Kisha toa dhana isiyo ya lazima. Katika mfano wetu, safu ya tatu inaweza kuondolewa, kwa sababu makala zinazozungumzia GPA kwa kawaida huhusu wanafunzi hata bila kutajwa. Baada ya hapo ondoa nukuu au ongeza visawe.

Badilisha jambo moja, tazama idadi, andika kwenye daftari, ndipo ubadilishe jingine. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi lilisaidia na lipi lilidhuru.

Vichujio vina mitego ambayo lazima uijue:

- Kichujio cha makala zilizopitiwa na wataalamu mara nyingi hukagua jarida zima. Ndani yake bado utakuta tahariri na mapitio ya vitabu, ambavyo mhadhiri hatavikubali kuwa utafiti.
- Kwenye Google Scholar, kupanga kwa tarehe huonyesha nyongeza za karibuni pekee. Ukitaka makala za tangu mwaka fulani, weka mwaka huo upande wa kushoto na uache mpangilio wa umuhimu.
- Baadhi ya mifumo huendelea kushikilia vichujio vya msomaji aliyepita. Vifute kabla ya kuanza.

## Hatua ya 8: Fuata makala moja nzuri mbele na nyuma

Ukishapata makala moja inayolenga swali hasa, au ile aliyokuja nayo msomaji, ifanye kianzio. Nyuma yake kuna orodha ya marejeo: kazi zilizoitangulia. Mbele yake kuna makala zilizoinukuu baadaye, na Google Scholar huzionyesha chini ya kila jibu.

Fungua orodha ya zilizoinukuu, weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya hizo tu, kisha andika neno moja la swali lako. Makala iliyonukuliwa mara mamia inapunguzwa hadi chache zinazohusika.

Hatua hii huibua makala ambazo hakuna mpangilio wa maneno ungezipata, kwa sababu waandishi wake walitumia istilahi ambazo hukuzifikiria. Zichukue istilahi hizo, rudi nazo hatua ya 2.

## Hatua ya 9: Pata makala kamili

Anza na kiungo cha maktaba yenyewe. Kikikwama, chukua DOI ya makala, ile namba inayoanza na 10, uiandike baada ya https://doi.org/. Itakupeleka kwa mchapishaji hata kama anwani ya tovuti imebadilika.

Ukurasa ukidai malipo, angalia alama ya Unpaywall pembeni. Kisha bonyeza orodha ya matoleo yote kwenye Google Scholar, ambayo huonyesha nakala zilizohifadhiwa kwenye hazina za vyuo. Zikishindikana zote, omba kwa maktaba nyingine, au msaidie mwanafunzi kumwandikia mwandishi barua pepe ya adabu. Waandishi wengi hufurahi kuombwa.

Mweleze msomaji jambo moja: nakala ya hazina huwa mara nyingi ni mswada uliokubaliwa, na namba zake za kurasa hazilingani na za jarida. Anayenukuu ukurasa aeleze ametumia nakala ipi.

Kuhusu vitabu, kumbuka kwamba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ilihamia tarakimu 13 mwaka 2007. Kitabu cha zamani kinaweza kuwa kimeandikishwa kwa tarakimu 10, kwa hiyo kikikosekana kwa namba moja, jaribu nyingine.

## Hatua ya 10: Hakiki kabla ya kukabidhi

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali, ilipotolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, wakutubi wamekuwa wakiletewa orodha za marejeo ambayo hayapo. Jina la mwandishi linaweza kuwa la kweli, jarida la kweli, lakini makala haikuwahi kuandikwa. Usimgombeze mwanafunzi, wengi hawajui kwamba programu hizo zaweza kubuni.

Kagua kila rejeo hivi. Fungua DOI uone kama inakwenda kwenye makala yenye jina lile lile, kwa sababu DOI halisi inaweza kubandikwa kwenye jina la uongo. Tafuta jina la makala ndani ya nukuu. Ukikosa, fungua tovuti ya jarida, nenda kwenye juzuu na kurasa zilizotajwa, uone kuna nini hapo. Ukikuta makala nyingine kabisa, rejeo hilo ni la kubuni.

Makala ya kweli nayo inaweza kuwa imefutwa na jarida kwa kasoro au udanganyifu. Kumbukumbu za Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa, zilichukuliwa na Crossref, shirika linalosajili DOI, mwaka 2023 na sasa ziko wazi kwa wote. Zotero huzisoma, na hukuwekea onyo ukiwa na makala iliyofutwa.

## Hatua ya 11: Hifadhi na uweke arifa

Ingia kwa akaunti yako binafsi, hifadhi utafutaji, kisha washa arifa ya barua pepe. Kwa anayeandika tasnifu, mfundishe aiweke kwa akaunti yake mwenyewe, maana akiitegemea yako itakoma ukihama kitengo. Mara moja kwa wiki inatosha; arifa za kila siku huachwa bila kusomwa.

Kwenye Zotero, bonyeza kitufe cha kuongeza kwa namba na uandike DOI au ISBN. Taarifa za makala huingia zenyewe. Zipitie, kwa sababu herufi kubwa na majina ya waandishi hukosewa mara kwa mara.

## Hatua ya 12: Jiandalie vipimo vya kugundua mabadiliko

Mifumo itaendelea kubadilika. Koha, programu ya kuendeshea maktaba, hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake: 24.05, 24.11. Vivinjari husasishwa kila wiki chache, na kadiri vinavyokaza udhibiti wa vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari ili kumkumbuka mtumiaji), njia za kuingia ukiwa nje ya chuo hukatika ghafla. Kusoma matangazo ya wachapishaji husaidia, lakini hakutoshi, kwa sababu tangazo husema kilichoongezwa na mara nyingi hunyamazia kilichoharibika.

Hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Chagua kutoka humo tafutizi tatu kwa kila hifadhidata kubwa: moja yenye mabano, moja yenye kinyota, moja yenye alama ya ukaribu. Kwa kila moja andika makala mbili ambazo lazima zionekane. Funga kipindi cha miaka ambacho kimeshapita, ili majibu yasibadilike sana kwa sababu ya makala mpya.

Ziendeshe mwanzoni mwa kila muhula na kila mara sura ya mfumo inapobadilika. Idadi ikikaribiana na ya zamani na makala zako mbili zikaonekana, endelea na kazi.

Idadi ikishuka ghafla au makala moja ikatoweka, kagua kwa mpangilio huu:

1. Je, kuna kichujio kilichowashwa chenyewe, hasa kile cha makala zenye nakala kamili pekee?

2. Je, alama za nukuu zimepinda?

3. Je, ukurasa wa msaada wa hifadhidata unaeleza maana mpya ya kinyota au ya alama za ukaribu?

4. Je, jarida husika bado limo kwenye mkataba wenu? Majarida huhamishwa kutoka mchapishaji mmoja kwenda mwingine.

5. Je, tatizo linabaki ukifungua dirisha la faragha la kivinjari? Likiondoka humo, futa vidakuzi vya tovuti hiyo.

Yote matano yakiwa sawa, mwandikie mtoa huduma. Mpelekee mstari wa utafutaji herufi kwa herufi, idadi ya zamani na tarehe yake, idadi ya sasa, na jina la makala iliyopotea. Malalamiko yenye taarifa hizo hufika kwa fundi anayeweza kuyashughulikia. Yale ya "mfumo haufanyi kazi vizuri" hurudishiwa maelekezo ya kuzima na kuwasha upya kompyuta.